Nyumba ya Mbao Kule Taita

Mke wangu alipofariki, watu walikuja wakalala uani kwetu kama ilivyo desturi, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, juu ya mikeka na majamvi. Siku za hanga, yaani matanga, zilipokwisha walikunja mikeka yao, wakatupa mkono, wakaenda makwao. Mimi sikuukunja wangu.

Nililala uani usiku ule na uliofuata, kisha mwezi ukapita. Mvua ikinyesha nilisogea chini ya upenu. Kilifi hakuna baridi ya kumkataza mtu kulala nje, kwa hiyo hakuna kilichonilazimisha kuingia. Chumba chetu kilikaa kimefungwa. Nikihitaji shati, nilimwomba binti yangu anitolee.

Dada wa marehemu mke wangu, ambaye ni mtani wangu tangu siku ya harusi, alinikuta jioni moja nikitandika.

"Matanga yalianuliwa, shemeji," akasema. "Wewe tu ndiye hukuanuliwa. Utaota mizizi hapo tukuchume mboga."

Nilicheka, naye akacheka, lakini alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Sikumweleza kwa nini siingii. Nilikuwa najua sababu vizuri sana, na sikutaka kuisikia ikisemwa kwa sauti, hata kama sauti ni yangu.

Binti yangu naishi naye. Anafanya kazi ya ofisini hapa mjini, na si msemaji, amenifuata mimi. Mwezi wa kumi na moja tangu mazishi, aliniwekea chai mbele yangu akasema, "Baba, nimekodi nyumba."

"Unahama?"

"Ya kwenda kupumzika. Siku mbili. Iko Taita, mlimani, ndani ya msitu. Mwenzangu wa kazini ni wa huko, ndiye aliyeniambia."

"Mimi sijachoka."

"Mimi nimechoka," akasema.

Kisha akaongeza, huku akikoroga chai yake ambayo ilikuwa imeshakorogwa, "Ni nyumba ya zamani. Paa lake ni la mbao."

"Mbao vipi? Kenchi za mbao?"

"Paa lenyewe. Vigae vya mbao."

Alijua alichokuwa akifanya. Mimi ni fundi wa makuti. Nimeezeka nyumba na hoteli kutoka Takaungu hadi Ngomeni, na hakuna paa ninaloweza kulipita bila kuinua macho. Paa la vigae vya mbao nilikuwa nimelisikia tu. Nikamuuliza tunaondoka lini.

Tulipita Mariakani jua likichomoza, tukanywa chai Voi, na baada ya saa sita mchana tukafika mahali barabara inapokoma. Mama mmoja mnene, aliyevaa buti za mpira na sweta mbili, alikuwa amekaa juu ya jiwe akitungoja. Ndiye aliyekuwa na funguo. Nyumba sasa ni ya kikundi cha kijiji chao, na yeye ndiye huipokelea wageni.

"Shikamoo, mama," binti yangu akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Baba, hujambo. Mmetoka Kilifi na hivyo viatu?" Alikuwa akiangalia kandambili zangu. Kisha akaona mkeka niliokuwa nimeukunja kwapani. "Na huo wa nini? Kule kuna vitanda."

"Mimi hulala nje," nikasema.

"Nje!" Akamgeukia binti yangu kama anayetaka kuhakikishiwa kwamba mimi ni mzima. "Kule nje hulala mbwa wangu tu, na hata yeye hukwaruza mlango aingie."

Binti yangu aliinama akafunga kamba za viatu vyake.

Tulitembea saa moja na nusu. Njia ni nyembamba na inapanda, na baada ya mashamba ya mahindi na mabwawa madogo ya kumwagilia mboga, msitu unaanza ghafla, kama mlango. Nimekaa jirani na msitu maisha yangu yote, lakini msitu wetu wa pwani ni mkavu, unapasuka chini ya miguu. Huu ulikuwa umelowa. Mashina yalikuwa yamevaa kijani kutoka chini hadi juu, na kutoka kwenye matawi kulining'inia nyuzi nyuzi kama ndevu. Kila mahali maji yalidondoka ingawa mvua haikuwa ikinyesha. Ndege mmoja, kichwa cheusi na mdomo mwekundu kama pilipili, alikuwa akipekua majani yaliyoanguka, akitupa moja kushoto, moja kulia, bila kutujali. Yule mama alisimama akamwacha amalize kazi yake ndipo tukapita. Nilimpenda kwa hilo.

Nyumba ilitokea mahali msitu unapofunguka kidogo. Kusema kweli nilisimama mdomo wazi.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa na vyumba vitatu na baraza mbele, imeinuliwa juu ya mawe ili unyevu usiifikie. Kuta zilikuwa za mbao nene zilizolala moja juu ya nyingine, zimegeuka rangi ya jivu. Paa lilikuwa na mwinuko mkali, mkali kuliko wa mapaa yangu ya makuti, na juu yake vigae vidogo vya mbao, kila kimoja kimepasuliwa kwa mkono, vimepangwa kama magamba ya samaki. Nilizunguka nyumba mara mbili kabla ya kuingia. Nilikuwa natafuta kosa. Fundi akiona kazi ya fundi mwingine hutafuta kosa kwanza, ndivyo tulivyo. Katika makuti, kosa huonekana kwenye pembe, mahali mtu alipochoka akaharakisha. Nilikwenda kwenye pembe zote nne. Hakuna aliyeharakisha. Vigae vipya vilivyotiwa mahali pa vilivyooza vilikuwa vyeupe zaidi, lakini vilikuwa vimekatwa kwa upana uleule na kulazwa kwa mpishano uleule. Aliyerekebisha alikuwa amemheshimu aliyeanza.

"Inavuja?" nikauliza.

"Haijawahi kuvuja tangu niolewe huku," yule mama akasema. "Mimi ndiye ninayevuja, magoti yangu haya."

Ndani alitufungulia dari nikapanda ngazi na tochi. Boriti zilikuwa zimeunganishwa kwa vigingi vya mbao, msumari sikuuona. Na kwenye kila boriti, karibu na kiungo, kulikuwa na alama za patasi: mkato mmoja, mikato miwili, mitatu, na kuendelea. Mama alinieleza akiwa chini ya ngazi. Nyumba ilijengewa msimamizi wa msitu, mzungu, zamani za wazee wa wazee wao. Mbao zilichongwa bondeni, zikaunganishwa zote huko kwanza kujaribiwa, zikatiwa alama, zikafunguliwa, kisha zikabebwa mabegani hadi juu.

"Boriti yenye mikato saba, iangalie," akasema. "Aliibeba babu wa mume wangu na ndugu yake. Kila nyumba huku ina boriti yake. Tukija kufagia, kila mtu anafuta vumbi la yake."

"Walilipwa?"

"Walilipwa!" akasema, akacheka cheko fupi lisilo na furaha. "Walipewa chumvi."

Niliiwekea mkono ile boriti ya mikato saba. Ilikuwa baridi na laini. Nilifikiri juu ya watu wawili na mzigo ule kwenye njia tuliyoipita sisi na mikoba tukihema. Aliyelala humu alikuwa mwingine, lakini wao ndio walioifanya kuwa nyumba, na wajukuu wao ndio wenye funguo. Nilishuka nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata kwa muda mrefu, ile ya kuona kitu kilichofanywa sawasawa.

Mama alituonyesha chemchemi ilipo, akatuonyesha chumba cha katikati chenye meko ya mawe na dohani, na kando yake sanduku lililojaa kuni kavu. Kuni hizo, alisema, zilipasuliwa na waliotutangulia. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba: kila anayeondoka humwachia anayekuja kuni za usiku wa kwanza. Hawakutujua, hatukuwajua, lakini walikuwa wamezipanga vizuri, nyembamba juu na nene chini, ili mtu awashe bila shida. Kisha akasema atarudi jioni na maziwa, akaondoka.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Sisi watu wa pwani, ukipewa nyumba iliyokaa imefungwa, jambo la kwanza unafungua madirisha. Nyumba ipumue. Mama yangu alifanya hivyo, mke wangu alifanya hivyo hata katika nyumba za watu. Na mimi, kwa sababu zangu, chumba kilichofungwa kilikuwa kimeanza kunibana kifua tangu nilipovuka kizingiti. Nilifungua madirisha ya vyumba vyote viwili vya kulala, nikafungua mlango wa mbele na wa nyuma, nikaanika mablanketi kwenye madirisha yapate hewa. Dirisha la chumba cha meko lilikuwa limekwama. Nilihangaika nalo nikaliacha, na mlango wa chumba hicho ukajifunga nyuma yangu. Kisha tukaenda chemchemini na ndoo, tukakaa huko. Binti yangu alitia miguu yake kwenye maji akapiga kelele kwa ubaridi. Sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda namna ile mwaka mzima. Sikutaka kumharakisha.

Tuliporudi, nyumba haikuonekana. Wingu lilikuwa limeshuka. Tuliifuata njia kwa miguu yetu kuliko kwa macho, na tulipopanda barazani tukakuta wingu limetutangulia ndani. Lilikuwa limejaa vyumbani kama moshi. Mablanketi yalikuwa yanadondosha maji. Magodoro ukiyagusa mkono unatoka umelowa. Hata mkeka wangu, ambao nilikuwa nimeutandaza barazani tayari, ulikuwa umelegea kama mboga iliyopikwa.

Mama alitukuta tumesimama katikati tukitazamana. Aliweka chupa ya maziwa chini polepole.

"Nani amefungua?"

"Mimi," nikasema.

"Baba, wewe umelikaribisha wingu ndani, ukalitandikia, ukaenda zako!"

"Nilitaka hewa iingie."

"Imeingia! Yote ya mlima huu imeingia!" Alishika kiuno akacheka hadi akaketi kwenye ngazi. "Watu wa baharini, Mungu awaangalie. Kule kwenu mnafungulia. Huku saa tisa tunafunga, tunatia na nguo kwenye nyufa."

Binti yangu alikuwa amejificha uso kwa leso. Nilijua anacheka.

Lile dirisha lililokwama lilituokoa. Chumba cha meko kilikuwa kikavu, na kuni zilikuwa kavu. Mama alituwashia moto, akayasimamisha magodoro ukutani upande wa pili yapate joto, akatuletea ngozi mbili za kondoo kutoka kabatini, akazitandika sakafuni mbele ya meko.

"Mtalala hapa wote wawili," akasema. "Na mlango huu ufungwe. Mkiuacha wazi mtapasha joto msitu mzima, na msitu hautawashukuru."

Nikasema labda mimi nitakaa barazani kidogo. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayesema atakula udongo. Aliuvuta mlango mwenyewe alipoondoka, binti yangu akatia komeo, na nikasikia buti za mama zikishuka ngazi.

Nilikaa na mgongo kwenye mlango ule. Binti yangu alichemsha maziwa. Usiku ulikuwa ndio kwanza unaingia, lakini wingu lilikuwa limeshatia giza kila kitu, na kulikuwa na moto tu na sisi.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulijua huku hakulaliki nje."

"Nilijua."

"Ulinidanganya na paa."

"Paa si ni zuri?"

"Ni zuri sana."

Alinipa kikombe. Akasema, akiangalia moto, "Baba, unaogopa chumba cha mama?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekwisha. Lakini sikuweza kusema uongo mbele ya kazi ile ya watu, iliyotuzunguka kila upande. Sijui namna nyingine ya kulieleza.

"Siogopi chumba," nikasema. "Naogopa kulala."

Nikamwambia. Usiku ule mama yake alikuwa akiumwa kichwa, presha ilikuwa imempanda, lakini alikuwa ameshameza dawa. Aliniambia, lala, kesho una kazi. Nikalala. Mimi nikilala ndani, mlango umefungwa, hulala kama gogo, kila mtu anajua. Yeye mwenyewe alinitania kwa hilo miaka yote. Nilipoamka alfajiri alikuwa ameshakuwa baridi. Na kikombe cha maji kilichokuwa kwenye stuli upande wake kilikuwa chini, kimevunjika mkono, na maji sakafuni. Alikinyoshea mkono, au alininyoshea mimi mkono akakigonga. Kabla sijaita mtu nilipangusa yale maji. Kikombe nilikificha. Watu walipoingia niliwaambia amekwenda usingizini, kwa amani, na wakamshukuru Mungu kwa hilo, na mimi nikaitikia.

"Uani silali hasa," nikasema. "Paka akipita naamka. Jani likianguka naamka. Ndiyo maana nakaa huko."

Kuni moja ilikatika, cheche zikapanda dohani.

"Nilikisikia," akasema.

"Nini?"

"Kikombe. Nilikisikia kikianguka. Nilikuwa chumbani kwangu, niko macho nusu. Nikasema ni paka. Nikageukia ukutani." Mikono yake ilikuwa imeshika kikombe chake kwa nguvu. "Asubuhi nilikitafuta. Nilitafuta vipande kila mahali, kwa sababu kama hakikuvunjika kitu, basi nilikuwa nimeota. Sikuona. Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia niliota."

Nilikuwa nimekificha kikombe kile ili nijifiche mimi. Kumbe nilikuwa nimemfungia mtoto wangu peke yake na sauti ile.

Mimi si mtu wa maneno makubwa. Nikamwambia, "Paka wetu ni mwizi. Ameshavunja vyombo vingapi mle ndani? Mtu yeyote angedhani ni paka."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akapangusa pua kwa leso. "Na wewe alikuambia ulale," akasema. "Mama akisema lala, nani alikuwa anabisha?"

"Hakuna," nikasema. Ilikuwa kweli. Mke wangu alikuwa na sauti ndogo, lakini ukiisikia unafanya.

Tulikula viazi tulivyovichoma majivuni. Nilimweleza vile vigae vinavyopishana, kwamba ukivitazama kutoka nje unaona theluthi tu ya kila kimoja, sehemu kubwa imefichwa chini ya wenzake na ndiyo inayozuia maji. Alisikiliza, au alinifanya niamini anasikiliza. Baadaye alijilaza kwenye ngozi yake akajifunika koti langu. Nilitia kuni nene mbili. Nilitoka pale mlangoni nikaja kujilaza upande wa pili wa moto, nikiwa na nia ya kukaa macho na kumsikiliza anavyopumua.

Nakumbuka nilisikia maji yakianza kugonga juu ya paa, mvua ya kweli sasa, na nikangoja kusikia tone likipenya ndani. Nilitaka kuona kama mama yule alisema kweli. Nikangoja. Halikuja tone.

Kilichoniamsha ni ngumi mlangoni. Mlango wote ulikuwa ukitetemeka. Jua lilikuwa limeshaingia kwa lile dirisha lililokwama, moto ulikuwa majivu, na binti yangu alikuwa akiinuka upande wa pili, nywele zimesimama, alama ya ngozi ya kondoo shavuni. Nilifungua. Mama alikuwa ameshika bakuli la uji kwa mkono mmoja, na ule mwingine bado umekunjwa ngumi.

"Jamani! Nimegonga mpaka vidole vimevimba! Nimezunguka dirishani, nimeita, kimya! Mimi nikajua mmekufa wote wawili, nikaanza kufikiri nitamwambia nini mwenyekiti wa kikundi!"

Nilimwangalia binti yangu, naye akaniangalia. Yule mama hakujua alichokisema, na hangeweza kujua. Binti yangu ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akashika ukuta, na mimi nikacheka hadi machozi yakanitoka, na yule mama akasimama na uji wake akitutazama mmoja baada ya mwingine, akianza kucheka naye bila kujua anacheka nini.

"Tusamehe, mama," nikamwambia nilipopata pumzi. "Hatukufa. Tulikuwa tumelala tu."